Mjadala: Je, magari yasiyo na breki ya dharura yakataliwe bandarini?

Mwanzilishi wa mjadala, Lang'ata

Ninaleta hoja moja na ninaomba ichambuliwe bila kuonewa haya. Ninaamini wakati umefika kwa serikali kukataa gari lolote dogo linaloshushwa Mombasa, liwe jipya au lililotumika, iwapo halina vitu viwili: mfumo wa kudhibiti uthabiti, yaani ule unaobana breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuteleza ili lisipoteze mwelekeo, na breki ya dharura inayojishika yenyewe pindi kamera au rada inapoona kwamba dereva amechelewa. Kwa sasa kanuni zetu hushikilia sana umri na usukani: gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe upande wa kulia. Akili ya gari lenyewe haipewi uzito kama huo.

Kilichonifikisha hapa ni kisa cha Machi mwaka jana. Nilikuwa Mombasa Road karibu na Bellevue, saa moja na nusu asubuhi. Nilitupia jicho kioo cha kushoto kwa sababu bodaboda ilikuwa ikijipenyeza, na wakati huo huo matatu iliyokuwa mbele yangu ikasimama katikati ya leni kumchukua abiria. Gari lilipiga kelele, breki zikashika kabla mguu wangu haujafika, tukasimama. Kati ya bampa yangu na ya matatu hapangetosha pakiti ya unga. Ni gari lile lile ambalo kila asubuhi hunikumbusha kwa Kijapani kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara, nami huliitikia kwa heshima, kama mtu anayesalimiwa na mkwe asiyeielewa lugha yake.

Wala sijengi hoja juu ya kisa changu peke yake. Taasisi ya utafiti ya makampuni ya bima ya Marekani, IIHS, imegundua kwamba breki hiyo hupunguza takriban nusu ya ajali za gari kuligonga jingine kwa nyuma. Ulaya iliulazimisha mfumo wa uthabiti kwa magari yote mapya kuanzia mwaka 2014, na breki ya dharura kuanzia Julai 2024. Japani, tunakonunua magari yetu mengi, ilianza kuidai breki hiyo kwa aina mpya za magari ya abiria yanayotengenezwa humo nchini mnamo Novemba 2021. Kwa hiyo hatuombi kitu kisichopatikana sokoni. Anayepinga na aeleze sababu.

Fundi, Kirinyaga Road

Ndugu mwanzilishi, umelieleza gari likiwa bandarini, bado lina vumbi la meli. Mimi hulipokea miaka 3 baadaye, baada ya jiwe la lori kupasua kioo cha mbele huko Mlolongo.

Kamera inayokusaidia imefungwa nyuma ya kioo hicho, juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Kioo kikibadilishwa, ni lazima kamera ilengwe upya: gari lisimamishwe kwenye sakafu iliyo sawa kabisa, bango maalumu lenye michoro liwekwe mbele yake kwa umbali uliopimwa kwa futikamba, na kompyuta iunganishwe ili kamera ijifunze mbele ni wapi. Kamera ikipinda kwa nyuzi 1 tu, kitu kilicho mita 50 mbele itakiona kikiwa karibu sentimita 90 kando ya mahali kilipo, na hiyo inatosha kuichukua matatu iliyo leni ya pembeni kuwa iko mbele yako, au kinyume chake. Nikimweleza mwenye gari gharama ya kazi hiyo, ataniuliza kama gari litawaka bila hiyo. Nikisema litawaka, ataniambia, "Basi fundi, zima tu hiyo taa." Mara nyingine hata taa ya kuzima haipo, kwa maana kamera iliyopinda kidogo haijui kwamba imepinda.

Hayo ni ya kioo. Kuna bampa iliyogongwa, ikajazwa filla na kupigwa rangi tabaka tatu mbele ya rada. Kuna vioo vya pembeni vinavyong'olewa kwenye foleni mchana peupe, na badala yake kununuliwa vingine visivyo na kitambuzi cha kuonya kuhusu gari lililo ubavuni. Kuna jambo baya zaidi ambalo mafundi wenzangu hawatapenda nilitaje: gari lililopata ajali na mifuko yake ya hewa ikafyatuka, likarudi barabarani bila mifuko hiyo, huku nyuma ya usukani pakiwa pamechomelewa kifaa kidogo cha umeme, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachoidanganya kompyuta kwamba mfuko upo. Taa ya dashibodi inazimika vizuri kabisa. Mnunuzi anaona dashibodi safi na kulipa.

Ndiyo maana sharti la bandarini hunikumbusha mwaka 2004, Waziri John Michuki alipoamuru matatu zifungwe mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kwa muda mambo yalinyooka kweli, sisemi hayakunyooka. Kisha watu wakajifunza kuvifungua na kuvirudisha siku ya ukaguzi. Nimeombwa kuifanya kazi hiyo, na si mara moja.

Hata hivyo, nusu ya hoja yako naikubali. Mfumo wa uthabiti hutumia vitambuzi vile vile vya magurudumu vinavyotumiwa na breki za ABS, yaani zile zinazozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga ghafla, pamoja na vingine vichache vilivyofichwa ndani ambavyo mwizi hana haja navyo. Haujali kama barabara ina mistari. Kitambuzi cha gurudumu kikishika matope nakisafisha. Kikifa nakibadilisha asubuhi hiyo hiyo. Hicho ni kifaa kinachoweza kuishi Nairobi.

Dereva wa teksi, Umoja

Ninaendesha saa 12 kwa siku, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Kengele ya kuonya kwamba unatoka kwenye leni niliizima siku ya pili. Ukiwa juu ya Expressway, mistari inaonekana na kengele ina maana. Ukishuka kwenye barabara za mitaani, rangi imefutika, leni mbili zimekuwa nne, na gari linalia mfululizo hadi abiria anaulizia kama ni gonjwa. Breki ya dharura nimeiacha ikiwa imewashwa, lakini mwanzilishi hajaeleza kinachotokea bodaboda inapokukatia mbele, gari lako likashika breki lenyewe, na lililo nyuma yako halina akili kama hiyo. Nimegongwa hivyo mara moja, na kwenye kituo cha polisi nilieleza kwa muda mrefu sana kwamba si mimi niliyekanyaga.

Kamera ya nyuma siwezi kuiacha. Ploti ninayoishi ina watoto wengi, na mtoto wa miaka 2 akiketi nyuma ya buti huwezi kumwona kwenye kioo chochote, hata ukigeuka ukakunja shingo. Jioni moja nilimwona kwenye skrini, amechuchumaa akichora mchangani. Nilizima gari nikashuka, nikakaa kwenye ngazi kwa muda kabla sijaweza kulipaki.

Mwalimu, Githurai

Mabwana, nimewasoma nyote kwa makini, na nyote mmeketi ndani ya gari. Mimi huvuka Thika Road kwa miguu. Nchi hii hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi kati yao ni waendao kwa miguu. Naomba basi nijibiwe: teknolojia hii inamlinda nani?

Magari mengi madogo ya Toyota yaliyoanza kupewa mifumo hii mwaka 2015 yaliwekewa ile iitwayo Toyota Safety Sense C, ambayo breki yake ilitambua magari. Mtu hakuwamo katika hesabu. Ya baadaye yanatambua watu, lakini chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kiliyajaribu manne mwaka 2019 na kueleza kwamba usiku mifumo hiyo haikufua dafu. Mimi hutoka kazini saa moja jioni, giza limeshaingia na taa za barabarani zinawaka moja, zinaruka tatu.

Lipo pia suala la tabia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Munich, Ujerumani, teksi za kampuni moja ziligawanywa, baadhi zikapewa breki za ABS na nyingine zikaachwa kama zilivyo, kisha zikafuatiliwa kwa miaka 3. Ajali hazikupungua kwa waliopewa ABS. Madereva wao walikuwa wameanza kukata kona kwa kasi na kumkaribia zaidi aliye mbele, kwa sababu waliiamini breki. Mkiwapa madereva wetu gari linalojisimamisha, ninaogopa kwamba tofauti wataitumia kusoma ujumbe kwenye simu. Fedha hizo zingejenga vivuko na kuwasha taa.

Mwanzilishi wa mjadala, Lang'ata

Mwalimu, kuhusu vivuko na taa sina ubishi, ingawa fedha hizo hazitoki mfuko mmoja: gari analipia mnunuzi, taa inalipiwa na umma. Kuhusu Munich ninapinga. Breki ya ABS dereva huijaribu na kuizoea kila mvua inaponyesha, lakini breki ya dharura hukaa kimya miezi mingi, na ni vigumu kujenga ujeuri juu ya kitu usichokihisi. Isitoshe, ile nusu ya ajali zilizopungua ilihesabiwa kutokana na ajali za madereva halisi kwenye barabara halisi, wakiwa na simu na ujeuri wao wote. Tabia tayari imo ndani ya hesabu hiyo. Kuhusu giza na waendao kwa miguu, sina jibu linalokutosha.

Fundi ndiye aliyenilazimisha kuibadilisha hoja. Mfumo wa uthabiti ubaki kuwa sharti la bandarini. Breki ya dharura isiwe sharti la kuingia, ila gari linalouzwa kwa sifa hiyo likaguliwe kama kweli inafanya kazi, na kampuni ya bima inayolipia kioo kipya ilazimike kulipia pia kazi ya kuilenga kamera, kwa sababu kioo bila kazi hiyo ni ukarabati wa nusu. Huko ndiko pesa zipo, na huko ndiko kuna risiti ya kufuatilia.

Niongeze jambo ambalo nimelikumbuka nikiandika, na limeninyima raha. Kioo changu cha mbele kilibadilishwa Desemba, miezi tisa baada ya kisa cha Bellevue. Kazi ilichukua saa mbili nje ya ofisi. Hakuna aliyeleta bango lolote. Fundi, je, Jumamosi upo?

Fundi, Kirinyaga Road

Nipo, ila kwangu sakafu haijanyooka, kwa hiyo nitakupeleka kwa mwenzangu Industrial Area aliye na bango na kompyuta. Njoo kabla ya saa tatu, tangi likiwa limejaa, magurudumu yakiwa na upepo unaotakiwa, na buti tupu kabisa. Gari likilemewa nyuma, kamera tutaifundisha kutazama angani.