Je, James Baldwin aliwakimbia wenzake?

Wadau, salaam. Kila anapotajwa James Baldwin, mwandishi wa riwaya na insha wa Marekani aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1924 na kufariki Ufaransa mwaka 1987, huwa kuna hoja moja haikosi. Wanaoitoa wanasema mtu aliyeishi Paris, Istanbul na mwishowe kijiji cha Saint-Paul-de-Vence, huku weusi wenzake wakiumwa na mbwa wa polisi kule Alabama, hakuwa na haki ya kuihukumu Marekani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema. Naipinga hoja hii, na naomba tuijadili kwa matukio ya maisha yake.

Kwanza, kwa nini aliondoka? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiwa kijana mdogo, alipata kibarua New Jersey. Huko kila mgahawa aliogusa ulimfukuza kwa rangi yake. Usiku mmoja mjini Trenton akaingia kwa makusudi kwenye mgahawa wa kifahari, akaketi. Mhudumu alipomwambia kwamba hapo hawahudumii weusi, Baldwin akanyakua chombo cha maji kilichokuwa mezani akamrushia. Kikamkosa, kikavunja kioo nyuma ya kaunta. Akatoka mbio, na rafiki yake mzungu aliyekuwa nje akawapoteza njia waliomfukuza. Baadaye aliandika kwamba mambo mawili yalimshtua usiku ule: kwamba angeweza kuuawa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa tayari kuua. Aliona chuki aliyoibeba moyoni ndiyo ingemmaliza kabla ya mzungu yeyote. Mwaka 1946 rafiki yake wa karibu, kijana mweusi kama yeye, alijirusha kutoka daraja la George Washington. Novemba 1948 Baldwin alipanda ndege kwenda Paris akiwa na umri wa miaka 24 na dola 40 mfukoni. Ukiyaweka haya pamoja, utaona aliondoka ili abaki hai na mwenye akili timamu, kwa sababu maiti haiandiki.

Tena wanaosema alikwenda kustarehe hawajasoma insha zake za Paris. Desemba 1949 alikamatwa kwa sababu ya shuka. Mmarekani mwenzake alikuwa amelichukua kwenye hoteli moja, Baldwin akalitumia, polisi wakalikuta chumbani kwake. Akalala gerezani siku kadhaa, Krismasi ikampita humo humo. Kesi ilipofutwa, watu mahakamani wakacheka kwa furaha. Kicheko kile kilimkata maini. Anasema alikuwa amekisikia tangu utotoni: ni kicheko cha walio salama, wanaotazama maumivu ya wanyonge kama mchezo. Kwa hiyo Ufaransa haikumdanganya. Aliona pia jinsi Waalgeria walivyotendewa mle mjini, na akaandika.

Umbali ulimpa nini basi? Kazi yake ya kwanza inajibu. Riwaya ya Go Tell It on the Mountain, kuhusu kijana wa Harlem katika familia ya kilokole, ilimsumbua karibu miaka kumi. Aliimalizia kwenye kijiji cha milimani Uswisi, ambako watoto walimkimbilia barabarani wakipiga kelele juu ya rangi yake. Alikuwa na taipureta na santuri za Bessie Smith, mwimbaji mweusi wa blues. Alipokuwa Marekani hakuzigusa santuri hizo, maana aliona haya kufananishwa na yale ambayo wazungu waliyaita mambo ya weusi. Kwenye theluji ndipo alipozisikiliza, na lugha ya nyumbani kwao ikamrudia. Kitabu kikatoka mwaka 1953. Mimi sijui ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba mtu anaweza kufika kwao kwa kuondoka.

Hoja ya wapinzani ina sehemu moja nzito, nayo ni hii: wafanyakazi wa ndani wa Montgomery, Alabama, waliotembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima wakisusia mabasi yaliyowabagua weusi, hawakuwa na Paris ya kwenda. Ni kweli. Lakini Baldwin mwenyewe ndiye aliyelisema hilo kwa ukali kuliko wakosoaji wake. Aliandika kwamba hakuweza kuendelea kukaa Paris akijadili matatizo ya weusi wa Marekani wakati wengine wote wanayalipia. Mwaka 1957 akarudi, akaenda Kusini mwa Marekani alikokuwa hajawahi kukanyaga: Charlotte, Little Rock, Atlanta, Montgomery. Oktoba 1963 alikuwa Selma, Alabama, weusi walipopanga foleni mchana kutwa kujiandikisha kupiga kura. Vijana waliojaribu kuwapelekea maji na chakula walipigwa na kukamatwa, na maofisa wa serikali kuu wakatazama tu. Mwaka huo huo alimkabili Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa Marekani, ana kwa ana mjini New York. FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walimfungulia jalada lililofikia kurasa 1,884. Kama fimbo yake ilikuwa mbali, nyoka aliiogopa ya nini?

Kuhusu Eldridge Cleaver, mmoja wa viongozi wa chama cha weusi cha Black Panther, ambaye kitabu chake cha mwaka 1968 kilisema kwamba Baldwin anawachukia weusi na kuwapenda wazungu: kilichomkera hasa Cleaver kilikuwa ushoga wa Baldwin. Watu hupenda kuliruka hili. Mwaka 1956 Baldwin alitoa Giovanni's Room, riwaya ya mapenzi ya wanaume wawili, baada ya wachapishaji wake wa New York kuikataa. Angeweza kuifungia kabatini. Hakuifungia.

Nakubali riwaya zake za mwisho hazina nguvu ya ile ya kwanza. Lakini kusema chanzo ni Ufaransa ni kusahau mazishi. Medgar Evers aliuawa 1963, Malcolm X 1965, Martin Luther King 1968, wote watatu viongozi wa harakati za weusi, na wote alifahamiana nao. Hata hivyo, watoto weusi walipouawa mfululizo mjini Atlanta, mzee huyu wa Saint-Paul-de-Vence alisafiri kwenda kuichunguza kesi, na kitabu kikatoka mwaka 1985.

Hata huku kwetu, Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli mwaka 2021 tulibishana kama ni wetu au wa Waingereza. Wengi walihesabu miaka aliyokaa Uingereza, wachache walifungua vitabu vyake kuona Zanzibar imekaa vipi humo. Kwa Baldwin tunarudia yale yale. Mwaka 1955 aliandika kwamba anaipenda Marekani kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na kwa sababu hiyo hiyo anashikilia haki ya kuikosoa daima.

Kwa hiyo anayeshikilia kwamba alikimbia, naomba anijibu jambo moja. Ni insha ipi ya Baldwin ambamo umbali ulimfanya aione Marekani isivyo? Itaje, na sehemu yenyewe uiweke hapa, tuisome pamoja.