Kreti ya soda iko mezani: vita vya Marekani ni vya Republican au vya Democrat?

Refa_wa_Mwanjelwa
Wakuu habari za jioni, Mbeya huku baridi inang'ata kweli kweli, nina kesi naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi.

Kijiweni kwetu kwa muuza kahawa hapa Mwanjelwa kuna wazee wawili hawaelewani, mmoja fundi viatu mwingine alikuwa fundi redio zamani sasa anauza chaja. Tangu Marekani ipige vile vituo vya nyuklia vya Iran Juni 2025 hawa watu hawana amani. Wa viatu anasema vita vyote vikubwa vimeanzishwa na Democrat, anakuhesabia kwa vidole huku misumari iko mdomoni, Wilson, Roosevelt, Truman, Johnson. Wa chaja anamjibu achana na habari za babu, Afghanistan nani? Bush. Iraq nani? Bush. Iran juzi nani? Trump. Wote Republican. Wiki iliyopita walipandishiana mpaka sahani ya kashata ikaenda chini, ndo wakawekeana kreti ya soda, na mi nikapewa urefa kwa sababu eti nina bando.

Kuna swali la pili, hili ni langu mwenyewe. Kila uchaguzi kule mgombea anaahidi kumaliza vita akiingia vinaendelea au anaanza vingine. Nasikia kuna watu hukohuko wanaotaka nchi yao itulie, isiende kila mahali na mabomu. Mbona hao hawashindi?

Ndizi_Tukuyu
Kreti apewe muuza kahawa, yeye ndo mwenye hasara ya kashata hapo. Kesi imefungwa.

Ticha_Uyole
Refa, ubishi wa wazee wako ni wa zamani kuliko wewe. Mwaka 1976 kwenye mdahalo wa wagombea umakamu wa rais, Bob Dole wa Republican alisema ukijumlisha waliokufa na waliojeruhiwa kwenye vita vya Democrat karne ile unapata Wamarekani kama milioni 1.6, wanatosha kujaza mji wa Detroit. Ilimkalia vibaya sana, maana kwenye hesabu hiyo ilikuwemo Vita ya Pili ya Dunia ambayo yeye mwenyewe alipigana, akajeruhiwa Italia 1945 na mkono wake wa kulia haukurudi sawa mpaka anazeeka. Yaani vita umepigana wewe, kovu unalo wewe, afu unamwandikia jirani.

Sasa tuangalie kura, maana kura haziongopi. Iraq, Oktoba 2002, ruhusa ya kuingia vitani ilipita Seneti 77 kwa 23, na kwenye hao 77 Democrat walikuwa 29, Biden yumo, Hillary Clinton yumo, Kerry yumo. Rudi Vietnam, 1964, azimio la Ghuba ya Tonkin, rais Johnson wa Democrat anaomba ruhusa, Seneti 88 kwa 2, na hao wawili waliokataa, Morse na Gruening, ni Democrat! Republican hakukataa hata mmoja. Baadae Nixon wa Republican akaingia akaipeleka mpaka Cambodia. Hiyo soda unampa nani?

Afghanistan ndo inachekesha kama isingekuwa ya kusikitisha. Bush kaanza 2001, Obama kaongeza askari, Trump kasaini na Taliban pale Doha Februari 2020 kwamba wanaondoka, Biden katekeleza Agosti 2021, bomu likaua askari 13 wa Marekani pale uwanja wa ndege Kabul pamoja na Waafghani wengi sana. Kuanzia siku ile hawa wanasema ni Biden, wale wanasema ni mkataba wa Trump. Miaka 20, marais wanne, wawili kwa wawili, lakini ugomvi wote ukahamia kwenye wiki mbili za mwisho, na ile miaka mingine hakuna anayeiulizia.

Mi nnavyoona shida haiko kwenye chama, iko kwenye kalamu. Katiba yao inasema kutangaza vita ni kazi ya Kongresi, yaani bunge lao, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Mara ya mwisho kutangaza rasmi ni 1942. Korea Truman hakuwaomba hata. Na 2001, siku tatu tu baada ya Septemba 11, wakapitisha ruhusa ya kutumia jeshi ya sentensi moja, maneno kama 60, Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1, huyo mmoja ni mama Barbara Lee wa California, na ruhusa hiyohiyo marais wa vyama vyote wameitumia nchi kibao. Mbunge anaipenda hali hiyo, vita ikienda vizuri alikuwepo, ikiharibika alidanganywa.

Mzee_Kalenga
Kamwene. Nimesoma yote taratibu na miwani. Vijana mnaongelea kutulia kama kitu chepesi, ngoja niwaambie yetu.

1978 nilikuwa darasa la nne hapa Iringa. Amin kaingia Kagera, Mwalimu akasema kwenye redio uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, hata sisi watoto tulikuwa tunaimba. Kumtoa Kagera hiyo ni kulinda nyumba yako haina mjadala. Lakini kuendelea mpaka Kampala Aprili 1979, hapo ndo swali lako la kutulia linaanzia. Mimi mpaka leo nasema alikuwa sahihi. Ila nakumbuka na bili. Tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, ikawa miaka. Foleni ya sabuni ilikuwa hivi, alfajiri unaweka tofali lako kwenye mstari unaenda shule, mchana ukirudi unakuta tofali limesogezwa hatua tatu, na ole wako mtu awe kalibadilisha na lake.

Sasa wakati ule chama kilikuwa kimoja, hakuna wa kumtupia. Tukamlaumu Amin, tukalaumu bei ya mafuta, tukamlaumu mwenye duka tukamwita mhujumu. Lakini vita iligharimu shilingi ngapi, na je kuna siku tungeweza kusimama tukarudi, swali hilo sikulisikia likiulizwa kwa sauti. Kwa hiyo ticha nakukatalia kidogo, kulaumiana kwa vyama kuna kero zake lakini angalau mmoja anamfukunyulia mwenzake mafaili.

Refa_wa_Mwanjelwa
Shikamoo mzee. Hilo la tofali nitawasomea kijiweni kesho. Ila swali langu la pili bado wakuu, wanaotaka kutulia mbona hawashindi?

Parachichi_Njombe
Shikamoo mzee wa Kalenga, na wengine hamjambo.

Mimi naomba kuuliza, kutulia maana yake nini? Kwa sababu Bush huyohuyo wa Iraq, mwaka uleule 2003, ndo alianzisha PEPFAR, mpango wa dawa za UKIMWI. Huku kwetu Njombe sihitaji kumweleza mtu ARV zimefanya nini, kila ukoo una watu wake ambao wangekuwa makaburini saa hizi. Sasa huyo Bush mimi nimwekee alama gani? Iraq walikufa watu, huku watu wakafufuka.

Halafu Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada ya nje siku 90 ili wapitie upya, na walioshangilia kule wengine ni haohao wanaosema nchi itulie ishughulike na ya nyumbani. Mdogo wangu alikuwa anaingiza data kwenye CTC, kliniki ya wanaotumia ARV, kupitia mradi mmoja. Alitumiwa meseji ya WhatsApp Ijumaa usiku kwamba Jumatatu asije. Funguo za kabati la mafaili zilikuwa kwake, akakaa nazo wiki nzima zipo kwenye kibakuli juu ya friji, hajui ampe nani na kila simu anadhani wanazifuata.

Kwa hiyo mkisema kutulia, kuna anayemaanisha tuache mabomu na kuna anayemaanisha tuache kila kitu dawa zikiwemo. Hao ni watu wawili wamekaa benchi moja. Labda ndo maana hawashindi.

Dalali_wa_Kyela
Nyie mko Washington mi naongelea Kasumulu, mpakani na Malawi. Machi 2025 Malawi walizuia mazao kutoka nje, mchele na tangawizi na ndizi humo, Aprili na sisi tukawajibu tukazuia ya kwao pamoja na ya Afrika Kusini, hapa kila mtu alishangilia tuwakomeshe, na mi nilishangilia kwa sauti kubwa kabisa. Jioni dereva akanipigia, bosi fuso bado liko foleni nifanyeje. Daah. Baada ya siku chache tu zuio letu likaondolewa wakakaa wakaongea, ila zile siku mi sikuwa tena mtu wa kukomesha mtu, nilikuwa nimekuwa mwanadiplomasia mzuri tu.

Ticha_Uyole
Dalali umenichekesha mpaka wanafunzi wameniangalia.

Dada wa Njombe umegusa penyewe. Kuna taasisi ya utafiti ilianzishwa Washington 2019 inaitwa Quincy, imepewa jina la John Quincy Adams ambae 1821, akiwa waziri wa mambo ya nje, alisema Marekani haiendi ughaibuni kutafuta mazimwi ya kuyaua. Pesa za kuanzia, nyingine zilitoka kwa Soros na nyingine kwa Charles Koch, tajiri wa kushoto na tajiri wa kulia, watu ambao kodi hawakubaliani, misaada hawakubaliani. Kwenye bomu wanakubaliana, ukitoka hapo kila mtu na njia yake.

Na refa, wakati mwingine wanakaribia kushinda. Vita ya Yemen, Marekani ilianza kuisaidia Saudi Arabia 2015 chini ya Obama, Democrat wengi kimya. 2019 rais akiwa Trump sauti zikapatikana, azimio la kusitisha msaada huo likapita Seneti 54 kwa 46, Republican saba wakavuka kumpinga rais wa chama chao, Baraza la Wawakilishi nako ikapita 247 kwa 175. Trump akapiga kura ya turufu, basi ikafia hapo. Libya 2011 kinyume chake, siku 60 za ile sheria ya 1973, inayomtaka rais asipopata ruhusa ya Kongresi ndani ya muda huo aache mapigano, zilipopita bila ruhusa Republican ndo walipiga kelele, Obama akasema ile siyo mapigano ya aina inayosemwa na sheria. Ile sheria ni kama mwavuli wa ofisi, anaukumbuka aliyeko nje mvua ikimnyeshea.

Mzee wa Kalenga nimekusikia. Ila kufukunyua mafaili ya mwenzako ni rahisi, mi nawahesabu wale saba, na wale wawili wa 1964.

Refa_wa_Mwanjelwa
Mrejesho wakuu. Nimewasomea yote jana, la tofali nimelisoma mara mbili kwa maombi ya hadhara. Nikatoa uamuzi kwamba ni sare. Wa chaja amekata rufaa, anasema Vietnam washauri wa kijeshi walikuwepo toka enzi za Eisenhower wa Republican kwa hiyo kama ni hivyo ihesabiwe nusu nusu, wa viatu anasema basi na Korea ihesabiwe upya.

Soda zilishaletwa na wakati wanabishana kijiwe kizima kimekunywa, mpaka na mimi refa. Sasa mwenye duka anataka hela yake na chupa zake, wa viatu anasema aliyeagiza ni wa chaja, wa chaja anasema yeye alikuta zimeshafunguliwa.