UZI WA MALALAMIKO: Wauzaji wanatuuzia pikipiki zenye pedali, sheria inapima wati, na faini anakula mwendeshaji

Wakuu salaam,

Kila wiki kuna mtu anauliza "baiskeli yangu ya umeme inahitaji leseni?" Anajibiwa mambo matano tofauti, na matatu kati ya hayo ni uongo. Simlaumu anayeuliza. Nawalaumu walioandika sheria zisizopimika barabarani, na zaidi ya hao nawalaumu wauzaji wanaojua fika wanachokiuza.

Tuweke namba mezani kwanza, maana watu wanarushiana namba za nchi nyingine bila kujua.

Umoja wa Ulaya: mota isizidi wati 250 za mfululizo, isaidie pale tu unapopiga pedali, na ikate kabisa ukifika kilomita 25 kwa saa. Ukitimiza hayo, wewe ni mwendesha baiskeli kama wengine, huhitaji leseni wala pleti namba. Uingereza ni hivyohivyo, ila wao huandika maili 15.5 na wanataka mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. Marekani kuna sheria ya mwaka 2002 inayotaja chini ya wati 750 na maili 20 kwa saa (kama kilomita 32). Ile ni sheria ya bidhaa dukani tu, barabarani kila jimbo lina lake. Majimbo mengi yamegawa makundi matatu: la 1 ni la pedali hadi maili 20, la 2 lina eksileta ya mkono hadi maili 20, la 3 ni la pedali hadi maili 28, yaani kilomita 45. China, kiwango chao cha 2018 kiliweka kilomita 25, kilo 55, wati 400 na volti 48. Japani wao wanalinganisha mota na miguu yako: hadi kilomita 10 kwa saa mota inaruhusiwa kuongeza mara mbili ya nguvu yako, halafu inapungua polepole hadi sifuri kwenye kilomita 24. Kwa maoni yangu Wajapani ndio pekee waliofikiria kwa miguu.

Sasa hasira yangu iko kwenye hizo wati.

"Wati 250 za mfululizo" ni kiasi ambacho mota inaweza kutoa muda mrefu bila kujichemsha. Si kiwango cha juu inachoweza kutoa. Mota halali kabisa ya 250 inaweza kusukuma wati 500 au 600 kwa dakika chache mlimani na isivunje sheria yoyote. Kwa hiyo trafiki akisoma stika iliyobandikwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu, mota inapokaa), anasoma ahadi ya kiwanda. Nguvu yenyewe inaamuliwa na kontrola, kifaa kinachopima umeme wa betri unaokwenda kwenye mota. Geuza kile kiboksi cha alumini, soma maandishi yake. Ukikuta "48V 22A", zidisha: wati 1,056 zinazoingia kwenye mota. Betri ya volti 48 ikijaa inasoma 54.6, hapo umefika wati 1,200. Toa zinazopotea kama joto, gurudumu bado linapata zaidi ya 900. Na habu imeandikwa 250! Stika haigharimu kitu.

Halafu ona upande wa pili. Mtu na baiskeli yake wakifika kilo 100, mlima wa asilimia 10, wati 250 zitampandisha kwa kilomita 9 hivi kwa saa. Mbebaji wa mizigo mwenye jumla ya kilo 200 atapanda kwa kilomita 4 na nusu, mtembea kwa miguu anampita. Huyu akifunga mota ya 500 ili asikwame katikati ya mlima ameshakuwa mhalifu, ingawa hajawahi kuvuka kilomita 20. Wakati huohuo kijana mwepesi mwenye stika safi ya 250 anapita njia ya baiskeli akiwa kwenye 45. Kwenye tambarare, ukikaa wima, kilomita 25 zinataka kama wati 175 tu. Kilomita 45 zinataka karibu 800. Upepo ndio unaokula.

Kinachoumiza mtu ni spidi na uzito. Ukiwa kwenye 25, sekunde moja ya kushtuka unakwenda mita 7, breki nzuri inakula mita 5 nyingine, jumla 12. Ukiwa kwenye 45 unakwenda mita 12 na nusu kabla hujagusa breki, kisha mita 15 na ushee za kufunga. Mita 28. Na ngumi ya kugonga inaongezeka zaidi ya mara tatu, kwa fremu, uma wa gurudumu la mbele na diski za breki za milimita 160 zilizotengenezwa kwa ajili ya 25. Wajerumani angalau wamelikubali hili. Ya kilomita 45 kwao inataka pleti ya bima, leseni ya daraja AM (ya mopedi, yaani pikipiki ndogo) na helmeti, na haingii njia ya baiskeli. Ni kali, lakini unajua umesimama wapi.

Wauzaji sasa. Tangazo linasema "halali barabarani", halafu kwa maandishi ya sisimizi: "hali ya pili ni kwa eneo binafsi tu". Hali ya pili, yaani mpangilio unaoondoa kikomo cha spidi, inafunguliwa kwa kubonyeza vitufe viwili vya skrini kwa sekunde kadhaa. Baadhi hata hawafungui kikomo, wanaidanganya skrini kipimo cha gurudumu: gurudumu ni inchi 27.5, skrini imeambiwa ni 20. Sensa inahesabu mizunguko ileile, skrini inazidisha kwa mzingo mdogo, inaamini uko kwenye 25 wakati uko kwenye 34. Mnunuzi anajiona ana baiskeli ya kistaarabu. Siku akigonga mtu, mpima ajali anasoma mpangilio wa skrini, chombo kinahesabiwa kuwa cha moto kisichosajiliwa, na bima yake ya kawaida inajitoa kwa sababu haikatii vyombo vya moto. Uingereza polisi wana mamlaka ya kukikamata hapohapo kwa kukosa bima. Muuzaji yuko dukani anahesabu pesa.

Kabla hujalipa, fanya haya palepale dukani, na muuzaji akikataa ondoka:

Inua gurudumu la nyuma, washa, vuta eksileta bila kugusa pedali. Kwa sheria za Ulaya, kitu pekee kinachoruhusiwa hapo ni msaada wa kusukuma usiozidi kilomita 6 kwa saa. Gurudumu likipaa, hiyo si baiskeli. Kisha zungusha pedali kwa mkono uone mota inakatia wapi, ila usiiamini skrini: bandika kipande cha tepu kwenye tairi, rekodi kwa simu, hesabu mizunguko ya sekunde 10. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 kwenye kilomita 25 linazunguka mara 33. Ukihesabu 45, umeshajua. Bana breki zote mbili, moja moja, mota ikiwa inafanya kazi. Baiskeli nyingi zina swichi ndani ya mpini wa breki inayokata umeme, na swichi ya upande mmoja ikiwa imekufa utaigundua kwenye makutano, si dukani. Kontrola nimeshaisema.

Taa nazo! Watu wanafunga taa za kuwinda sungura halafu wanazielekeza kwenye macho ya anayekuja. Simama mita 5 kutoka ukutani: sehemu angavu ya mwanga iwe chini ya kimo cha taa yenyewe. Bisibisi moja, dakika moja.

NYONGEZA 1: Mkuu mmoja anasema natetea wanaofungua vikomo. Soma tena. Nasema kikomo kipimwe kwenye spidi halisi na uzito, na anayeuza kitu chenye mlango wa siri ndiye abebe faini ya kwanza. Kikomo kikae ndani ya mota, kisifunguke kwa vitufe vya skrini.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kama stika ya "kundi la 3" inamlinda nje ya Marekani: haikulindi. Ulaya chombo cha kilomita 45 kwa saa ni mopedi, hata kama una pedali na unatoka jasho. Na hata Marekani kwenyewe, California inadai stika iseme kundi, spidi ya juu na wati, na ukibadilisha spidi ya chombo unatakiwa ubadilishe na stika. Ukikuta stika inasema 20 na chombo kinakwenda 28, kosa limeshaandikwa kwenye fremu, trafiki hana haja ya kukukimbiza.

NYONGEZA 3: Wanaoniambia "punguza hasira mkuu", leteni picha za kontrola zenu. Upande wenye maandishi.