Naomba ushauri: nitawarithishaje wanangu Krismasi niliyokulia?

MamaWawili:
Wakuu habari zenu, naomba mawazo hasa ya nyie wenye watoto. Kwetu mama ndo alikuwa anaibeba Krismasi yote, yaani Majilio, zile wiki nne hivi za kujiandaa kabla ya Krismasi, yakianza tu kila mtu anajua kazi yake, kaka anashusha boksi la pango (zile sanamu za kuzaliwa kwa Yesu) juu ya kabati, dada anafuta vumbi kondoo na wachungaji mmoja mmoja, mimi mdogo nilipewa kumlaza Mtoto Yesu horini usiku wa mkesha na ilikuwa marufuku mtu mwingine kumgusa. Taa zinazimwa, baba anasoma Luka sura ya 2 kwa mwanga wa mshumaa, tunaimba wote hata wale wasio na sauti, ndo tunatoka kwenda kanisani. Mpaka leo naisikia sauti ya baba akifika pale Maria na Yusufu wanakosa nafasi nyumba ya wageni, alikuwa anatulia kidogo hapo.

Mama alishafariki. Baba yupo ila umri umeenda na macho hayasomi tena. Mimi nina watoto wawili, wa miaka 8 na wa miaka 4. Mume wangu kwao Krismasi ilikuwa ibada asubuhi na kurudi nyumbani basi, kwa hiyo haelewi kwa nini linaniumiza hivi. Dada yangu naye anataka kila kitu kiwe vilevile alivyofanya mama, ukihamisha hata mchungaji mmoja analia. Na wanangu wakishaona zawadi hayo mengine hawana habari nayo. Nichukue lipi niache lipi, na nifanyeje iwe Krismasi yao wenyewe, sio mimi naigiza wao wanaangalia?

Kitindamimba:
Pole sana kwa mama. Ila soma tena ulichoandika, kila mtu unayemkumbuka ulimkuta na kazi mkononi, na hujataja zawadi hata moja. Huyo wa miaka 4 mpe Mtoto Yesu, mwambie hii ilikuwa kazi ya mama sasa ni yako. Wa miaka 8 anasoma, mpe Luka. Akikosea maneno mwache afike mwisho usimkatize mbele za watu, ataona ni mtihani wa shule na mwaka kesho hatataka tena.

Tausi_K:
Naunga mkono ila niongeze hapa kwa mdogo. Watu wazima wengi hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi, na cha miaka minne kinabaki vipande tu, kwa hiyo kufanya peke yake haitoshi, kinachokishikilia ni kukizungumzia baadae. Hata sikukuu ikiwa imepita miezi, mpo mnaosha vyombo, muulize unakumbuka nani alizima taa? ulimlaza wapi Mtoto Yesu? Mwache asimulie kwa maneno yake. Na mshumaa tumia wa aina moja kila mwaka, wenye harufu ileile, maana harufu ikiingia ubongoni inafikia upesi sehemu za hisia na kumbukumbu, ndo maana mtu mzima ananusa kitu na ghafla yupo sebuleni kwa mama yake.

Mwl_Mstaafu:
Mwanangu, kuhusu dada yako, mwambie kwa upole kwamba kila mila ina siku iliyoanza. Hilo pango lenyewe, Fransisko wa Assisi alitengeneza mandhari ya Bethlehemu kule Greccio, Italia, mwaka 1223, na ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho yao mtoto alizaliwa katika hali gani. Shada la Majilio, lile duara la mishumaa, nalo ni la Hamburg, Ujerumani, 1839. Johann Hinrich Wichern alikuwa analea watoto maskini, wakawa wanamuuliza kila siku Krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake, midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, wakawa wanahesabu wenyewe. Aliwatazama watoto aliokuwa nao akawatengenezea kitu. Naamini mama yenu naye alifanya hivyohivyo, sidhani kama yote aliyapokea kwa bibi yenu.

Nyota_ya_Mashariki:
Shikamoo mwalimu, ila mi napingana kidogo. Huyo dada analia kwa sababu pango ndo limebaki la mama. Ule ni msiba bado, historia haitamsaidia. Mpeni yeye alipange kama anavyotaka, nyie wapelekeni watoto kwake wakasaidie kufuta vumbi. Ya kwako mapya fanyeni kwako. Na si lazima yote yabanane tarehe 25, msimu wa Krismasi ni siku 12 mpaka kuamkia Epifania, sikukuu ya mamajusi kumwona Mtoto Yesu, tarehe 6 Januari, nafasi ipo.

BabaJunior:
Kweli kabisa. Mke wangu kanisa lake la Kiorthodoksi linafuata kalenda ya Julius, ipo nyuma siku 13 kwa hiyo Krismasi yao inaangukia 7 Januari. Sisi tunafanya zote mbili na watoto hawajawahi kuchanganyikiwa, wanajua hii ya kwa kina baba hii ya kwa kina mama. Na wewe muulize mumeo ile asubuhi ya kwao alikuwa anapenda nini, lazima kuna kitu, labda hajawahi kuulizwa tu.

MamaWawili:
Asanteni sana jamani, nimesoma yote nikalia kidogo. Nimempigia dada, pango litakaa kwake na wanangu watakwenda Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mume nimemuuliza jana usiku, kumbe baba yake alikuwa anambeba mabegani kurudi kutoka kanisani wakiimba njia nzima, sikuwahi kujua. Swali la mwisho, baba yangu Luka anaijua kwa kichwa, natamani sauti yake ibaki. Nimrekodi vipi?

Kitindamimba:
Nenda wiki hii dada, usingoje Desemba. Simu weka mezani karibu yake, zima feni na tivii, watoto wakae hapohapo asiongee na mashine. Akitoka nje ya Luka akaanza habari za mama yenu usimrudishe. Ukimaliza watumie kaka na dada sikuhiyohiyo, isikae kwenye simu moja.