Maduka ya sandwichi yamefungwa na deni langu la mikate liko ndani. Mnacheka nini?

MamaTanuri (Mtwara)

Wakuu, kuchele.

Wa Mtwara, Lindi na Masasi mnalijua duka ninalolisema. Jina silitaji kwa sababu suala langu nao bado bichi. Ni lile la Shangani lenye viti virefu na ubao mweusi wa chaki. Jumanne iliyopita nimefika saa kumi na moja na nusu alfajiri na trei zangu kama kawaida, nakuta mwenye nyumba kapiga kufuli lake juu ya kufuli lao. Lindi mjini wamefunga siku ileile. La Masasi nasikia lilishajifia kimyakimya hata kabla.

Mimi ndiye niliyekuwa nawaokea mikate. Ile mirefu, kwenye ubao waliiandika "mkate wa kifundi". Ufundi wenyewe ni tanuri la matofali nyuma ya nyumba yangu Magomeni, kuni za mkorosho, na mdogo wangu anayekanda huku anasikiliza mpira wa marudio. Niliwauzia 600 kwa mmoja. Wao sandwichi ya kuku 14,000, ya samaki 16,000, juisi ya ukwaju 5,000. Ukwaju! Huku kwetu watoto wanauokota.

Wamekaa na mikate yangu siku ishirini na sita, 120 kila siku, bila kulipa. Pigeni hesabu wenyewe, ni 1,872,000. Kila siku msimamizi anatia saini kwenye daftari langu, "mama, mwisho wa wiki". Mifuko ya ngano nimekopa duka la jumla na kikoba chetu kinakaa Jumapili.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza, hivi mnacheka nini? Picha ya lile kufuli imezunguka makundi yote ya WhatsApp. Mmoja kaandika "wali samaki bingwa". Mwingine kaweka fungu la ming'oko, vile viazi pori vyetu, la buku moja, chini yake "karibuni tawi letu jipya". Hilo la ming'oko nilicheka na mimi, nisiwe mnafiki, mpaka macho yakaangukia daftari. Pale walikuwa wanafanya kazi wasichana tisa.

La pili, hela yangu naidaije?

Boda_Ligula

Dada pole sana kwa deni. Ila kicheko utuachie, tumekisubiri muda mrefu.

Siku ya kwanza nimetumwa chakula pale, mlinzi ananiambia pikipiki nisiiweke mbele, naharibu mandhari. Nikaiweka kwenye jua, nikasimama kwenye jua, dakika arobaini. Chakula kinatoka kimefungwa kwenye karatasi ya kaki kama msumari wa kilo. Nimepeleka kwa mteja, sandwichi ya 14,000 kalipa bila kupepesa. Nauli yangu 1,500 tukaanza kuvutana, "bodaboda mmezidi, hapo tu!"

Mkate wako sina ugomvi nao. Ni ile bei ilivyokuwa inatuangalia.

NesiWaZamu

Naomba niwe mbaya leo. Mimi nililipenda lile duka.

Nakwenda mara moja kwa mwezi, mshahara ukiingia, naagiza chai ya 4,000 na nusu sandwichi. Najua ni wizi. Lakini nitajieni sehemu nyingine mji huu ambapo mwanamke anakaa mwenyewe saa mbili na kitabu chake na hakuna mtu anayemuuliza anamsubiri nani. Kwa mama lishe nakula vizuri zaidi kwa 3,000, ila nikimaliza kumeza tonge la mwisho natakiwa ninyanyuke, kuna watu wamesimama na sahani.

Nilikuwa nalipia kiti. Mkate ulikuwa risiti.

MzeeWaBomba

Binti, nikueleze kilichomuua huyo bwana mwenye duka, maana kiliniua na mimi, tofauti ni kwamba mimi sikufa sana.

Nyie wa juzi hamkuiona Shangani ya 2012 mpaka 2014. Gesi ya bahari ya kina kirefu imegunduliwa, wazungu wamejaa, nyumba ya vyumba vitatu inapangishwa kwa dola. Nikakopa, nikajenga vyumba vitano vya wageni, maji moto, kila kitu. Bomba la gesi la kwenda Dar likakamilika 2015, mafundi wakafungasha. Bei ya mafuta duniani nayo ikawa imeanguka. Vyumba vyangu leo wanalala makondakta, na nawashukuru.

Huyu bwana naye aliambiwa mradi wa gesi ya kusindika wa Likong'o pale Lindi unaanza, wageni wanarudi. Likong'o tunaisikia miaka zaidi ya kumi sasa. Akaweka bei ya watu ambao hawajapanda hata ndege.

Na Masasi je? Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa korosho bei ikavuka 4,000 kwa kilo, kila mtu akachanganyikiwa, na yeye haraka akafungua tawi. Hakuuliza hela ya korosho inakwenda wapi. Inakwenda kwenye mabati, pikipiki, ada, mahari na madeni ya salfa, ile dawa ya mikorosho. Mpaka Machi imekwisha, mtu anarudi kwenye muhogo wake mpaka maua yatoke tena. Ukitaka kuuza kitu cha 14,000 kwa mkulima wa Masasi, uwe na miezi miwili, mitatu, halafu ufunge ukalale.

AliyekuwaJikoni

Nilifanya kazi pale mwaka na miezi minne. Mama, mimi ndiye yule niliyekuwa napokea trei siku za Alhamisi na Ijumaa, utanikumbuka.

Watu wanadhani bosi alikuwa anakusanya mahela. Kodi ya nyumba ilikuwa kubwa na alilipa mwaka mzima kwa mpigo. Umeme wetu wa Kusini mnaujua, gesi inatoka hapo Mnazi Bay na sisi tunakaa na mshumaa, basi jenereta lilikuwa linaunguruma kuanzia saa nne asubuhi mpaka usiku. Jibini na zile nyama za kukata vipande vyembamba vinatoka Dar kwa basi kwenye boksi la barafu. Boksi likifika limechelewa tunanusa, tunaangaliana. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta zile mvua barabara ikakatika kule Kilwa, tukawa hatuna jibini wala nyama. Bosi akasema wekeni yai na nyanya, bei ibaki ileile. Nadhani watu walianza kutuchukia pale.

Ile "sosi ya siri" naitoa bure: mayonezi, tomato sosi, kitunguu swaumu na pilipili mbuzi ya sokoni. Basi.

Sasa mama, kuna jambo nilitaka nikupigie nikashindwa. Miezi ya mwisho tulikuwa tunauza sandwichi thelathini, siku njema arobaini. Oda yako haikupunguzwa kwa sababu bosi alitaka kabati la kioo lionekane limejaa. Usiku tunabeba mikate kwenye viroba, inapelekwa shambani kwake kwa bata.

Na sisi tunadai mishahara ya miezi miwili.

MamaTanuri (Mtwara)

Bata.

Subirini kwanza.

MmweraWaDenver

Nikiwa mbali nawasoma na nacheka kwa uchungu, maana mji huu ninaoishi ndiko ilikoanzia hadithi kama hiyo, ila ya kwao ilikuwa kubwa kama mbuyu.

Kuna maduka ya sandwichi yanaitwa Quiznos, yalianza hapa Denver mwaka 1981. Sifa yao ilikuwa kuuchoma mkate mpaka ukauke juu, wakati wenzao wanauza wa baridi. Kufika 2007 walikuwa na maduka karibu 5,000. Mengi hayakuwa ya kampuni, ni watu wa kawaida wamenunua haki ya kutumia jina. Mtu anatoa akiba ya maisha anafungua tawi. Halafu mkataba unamwambia bidhaa zake, nyama, mkate, mpaka karatasi, azinunue kwa kampuni dada ya makao makuu, kwa bei wanayopanga wao. Kwa hiyo makao makuu yanapata faida hata kama tawi linakufa. Mwenye tawi akitaka apone anapandisha bei, mteja anakimbia. Wakashtakiana mahakamani miaka na miaka.

Mwaka 2008 uchumi wa Marekani ukaanguka, na washindani wao Subway wakatoka na sandwichi ndefu ya futi moja kwa dola 5 tu. Kilichofuata mnakijua. Machi 2014 Quiznos wakaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, mpango wao ulikuwa kupunguza deni kwa zaidi ya dola milioni 400. Maduka yaliyobaki hayakufika nusu ya yale ya 2007.

Na huku walicheka vilevile. Lakini wenye matawi hawakucheka.

Nauliza hivi: tawi la Lindi lilikuwa la bosi mwenyewe au aliliuza?

AliyekuwaJikoni

La Lindi aliliuzia mama mmoja mstaafu. Alitoa kiinua mgongo. Sosi ya siri alikuwa anauziwa ndoo moja 90,000, na kwenye mkataba hairuhusiwi kujitengenezea.

MmweraWaDenver

Nilijua tu.

Boda_Ligula

Ndoo ya mayonezi 90,000!! Halafu mimi ndio naharibu mandhari.

KaraniWaChuno

Tuache utani dakika mbili, dada ana swali la pili na hakuna aliyelijibu.

Mimi si wakili, nimekaa mahakamani kwenye dawati miaka kumi na moja, nimeona madaftari mengi. Fanya hivi. Kwanza kaangalie BRELA, wale wanaosajili biashara, kile kilichosajiliwa ni nini, kampuni au jina la biashara tu. Kama ni jina la biashara, mdaiwa wako ni yule bwana mwenyewe, na shamba lake, na bata wake. Kama ni kampuni, unaidai kampuni, na hapo mambo yanakuwa mazito. Ikifilisiwa, mishahara ya wafanyakazi inatangulia, nawe muuza mikate usiye na dhamana uko nyuma kwenye foleni. Wale wasichana tisa wako mbele yako kisheria. Usigombane nao, dai pamoja nao.

Pili, mwandikie barua ya madai leo, siyo kesho. Mpe siku kumi na nne. Ambatanisha nakala za kurasa zenye saini, asili ubaki nayo. Barua apokee kwa kusaini au ipite kwa mtendaji wa mtaa. Akikaa kimya, nenda Mahakama ya Mwanzo. Deni kama lako wanalisikiliza na huhitaji wakili.

Tatu, usiende kuvunja lile kufuli na vijana ukabeba majokofu. Najua wazo hilo lipo. Ukifanya hivyo yeye ndiye atakayekuwa mlalamikaji.

MamaTanuri (Mtwara)

Wazo lilikuwepo, Karani. Vijana walikuwa tayari na kirikuu.

Nimerudi baada ya siku nne, nimefanya ulichosema. Ni jina la biashara, siyo kampuni. Barua amepokea mke wake, kasaini, kaniomba msamaha mlangoni mpaka nikamwonea huruma, nikakasirika kwa kumwonea huruma. Bata nimewaona. Wanene, siwezi kusema uongo, mkate wangu unakubali.

Kuhusu kucheka, Nesi na Boda mmenichanganya, maana wote mna haki. Nimewaza usiku. Mimi mwenyewe sikuwahi kukaa kwenye kile kiti. Mwaka mzima na zaidi naingilia mlango wa nyuma na trei, na siku moja tu nilitaka kumnunulia mwanangu ile ya kuku, kafaulu mtihani, nikasoma ubao nikahesabu: ni mikate yangu ishirini na tatu na chenji. Nikatoka. Tukaenda kula pweza ufukweni, na yule mtoto akaniuliza mkate wetu wanauweka nini ndani. Nikamwambia kuku. Akasema, kuku gani?

Sasa tanuri haliwezi kulala, ngano ni ya mkopo. Tangu Ijumaa napeleka mikate stendi ya Mkanaledi saa kumi na moja alfajiri. Nachana katikati, naweka yai la kukaanga, nyanya, na samaki wa kuchambua siku akipatikana. Sosi ni ileile ya siri, AliyekuwaJikoni amekuja kunionyesha na sasa tunauza wote. Ya yai 1,500, ya samaki 2,500. Jana tumemaliza 64. Makondakta wanaiita "ya elfu kumi na nne". Anakuja mtu, "mama, nipe elfu kumi na nne mbili," anatoa elfu tatu.

MzeeWaBomba

Nitawaambia wageni wangu.

NesiWaZamu

Kiti kipo?

MamaTanuri (Mtwara)

Benchi lipo, la watu watatu. Nikikuona na kitabu nitawaambia wasogee.

Boda_Ligula

Upande gani wa stendi, dada? Kwenye Coaster za Masasi au za Newala?

MamaTanuri (Mtwara)

Za Newala, jirani na mama wa ming'oko. Pikipiki weka mbele hapohapo. Jumapili sipo, kuna kikoba.