Tupeane uzoefu: vurugu za mtaani zimefanya nini ndani ya nyumba yako?

Wakuu, uzi huu ni wetu sisi ambao hatujapigwa wala kuporwa, ila tunaishi mtaa ambao milio ya risasi si habari mpya. Aliyejeruhiwa anakimbizwa hospitali. Sisi tuliosikia tu, hakuna anayetuuliza hali. Kwangu mume hataki tena kulala upande wa dirisha, na binti yetu aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani ameanza upya. Pikipiki ikipiga mlio, wote tunanyamaza. Kwenu ikoje?

Baba Pacha: Pole sana dada. Kwangu aliyebadilika ni kijana wa sekondari. Tangu jirani auawe, anakaa na kitabu lakini ukurasa haugeuki. Shuleni wanamwita mzembe, na hilo linaniuma kuliko alama zenyewe.

Msomaji: Baba Pacha, si uzembe. Mwaka 2010 Patrick Sharkey, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha utafiti kuhusu watoto wa Chicago. Watoto Weusi waliopimwa msamiati na kusoma chini ya wiki moja baada ya mauaji ya karibu na kwao walifanya vibaya zaidi, wawe waliyashuhudia au la.

Bibi wa Watatu: Mimi usiku nameza vidonge vya usingizi alivyonipa shoga yangu. Bila hivyo nakesha nahesabu nani hajarudi.

Mshauri nasaha: Bibi yangu, shikamoo. Dawa ya mtu mwingine usiimeze, lakini pia usiiache ghafla kama umeizoea. Muone daktari kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2013 unasema dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini, kama Valium, zisitolewe kwa ajili ya mshtuko au kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Kushtukashtuka na ndoto mbaya wiki za mwanzo ni kawaida, na kwa wengi hupungua. Yakipita mwezi na shule au kazi imekwama, tafuteni mtaalamu.

Mama J: Na wa miaka 4 unamwambiaje? Kwetu wakubwa wanasema tunyamaze, atasahau.

Mshauri nasaha: Hasahau, anabaki nalo peke yake. Mwulize kwanza alichosikia, maana anachojitungia huwa kibaya kuliko kilichotokea. Usimwahidi kwamba halitatokea tena. Mwonyeshe mtakapolala chini likitokea, na nani atamshika.