Naomba ushauri: nihamie iPad Pro ya chipu ya M4 au nitafute Air ya M1?

Wakuu, habari zenu. Nachora mabango ya wateja kwa Procreate (programu ya kuchorea), natumia iPad Air ya 2020 yenye RAM ya GB 4. Kazi ikiwa kubwa leya (tabaka za mchoro) zinaisha upesi, nalazimika kuziunganisha mapema. Mteja akitaka rangi ibadilishwe, naanza upya. Inaniumiza sana.

Naitamani Pro ya M4 iliyotoka 2024, ina RAM kuanzia GB 8 na kioo cha OLED. Ila haikubali Apple Pencil 2 niliyonayo, kwa hiyo na kalamu ninunue nyingine. Air ya M1 ya 2022 nayo ina GB 8, na kalamu yangu inaikubali.

Mnaochorea Pro, hivi kwenye kazi za kila siku tofauti mnaiona kweli?